Kifaa cha umeme mgongoni kwa maumivu sugu: nikubali jaribio au nibaki na vidonge?

Mwana_Pangani

Ndugu zangu, nawasalimu. Naandika kutoka Leicester, Uingereza, ambako huu ni mwaka wangu wa kumi na sita, ingawa kwetu ni Pangani na ndiko ninakotaka kurudi nikistaafu. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na mwaka 2016, nilipokuwa nikimgeuza bibi mmoja kitandani peke yangu kwa sababu mwenzangu wa zamu hakufika, nilisikia kitu kimeachia kiunoni. Diski ilikuwa imetoka mahali pake ikabana mshipa wa fahamu unaoshukia mguu wa kushoto. Nilipasuliwa mwaka 2017, nikapasuliwa tena mwaka 2019, na baada ya hapo daktari alinionyesha picha akaniambia kwamba mshipa hauna tena kinachoubana. Mgongo ulipungua makali. Mguu haukupata habari hiyo.

Maumivu haya si kama ya misuli iliyochoka. Ni moto unaoanzia takoni, ukapita nyuma ya paja na kuishia kwenye kidole gumba, na juu ya moto huo kuna vichomi vinavyokuja bila kubisha hodi. Shuka likinigusa unyayo naruka. Kwa sababu hiyo nimeweka boksi la viatu upande wa miguuni kitandani, blanketi linapanda juu yake kama hema, na mguu unalala humo peke yake hata katika baridi ya Januari. Nimetumia gabapentini, kisha amitriptilini, na sasa niko kwenye pregabalini, ambayo inanipa nafuu ya kiasi lakini inanifanya nisahau sufuria jikoni na nitafute jina la mjukuu wangu mdomoni kama mtu anayetafuta funguo.

Kliniki ya maumivu imenipendekezea kifaa cha kuchangamsha uti wa mgongo kwa umeme. Nilivyoelezwa, daktari hupitisha sindano pana mgongoni huku akitazama eksirei, akaingiza waya mwembamba wenye vituo vidogo vya umeme, akaulaza katika uwazi ulio nje ya utando unaofunika uti wa mgongo. Kwanza hufanywa jaribio la wiki moja hivi, waya ukiwa umetokeza nje na kuunganishwa na betri inayofungwa kiunoni kwa mkanda. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, ndipo unapasuliwa kwa mara nyingine, waya wa kudumu unawekwa, na betri inazikwa chini ya ngozi, ama juu ya tako ama ubavuni. Mwongozo wa NICE, taasisi inayopima matibabu, ambao NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, inaufuata tangu Oktoba 2008, unaruhusu kifaa hiki kwa mtu mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu yaliyodumu angalau miezi sita licha ya matibabu ya kawaida, na yanayofika angalau 50 katika kipimo cha 0 hadi 100, mradi jaribio lake limefaulu. Kwa vipimo hivyo nimo.

Kinachonisitisha ni mambo matatu. La kwanza, mgongo huu umeshafunguliwa mara mbili na kila mara niliambiwa kwamba hii ndiyo ya mwisho. La pili, nikirudi Pangani na mashine mwilini, ni nani atakayeijua? La tatu, nimesoma habari zinazopingana: wengine wanasema imewarudishia maisha, wengine wanasema haina tofauti na kifaa kilichozimwa. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Aliyepitia, au anayemwuguza aliyepitia, tafadhali aniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Dereva_wa_Minneapolis

Pole sana, dada yangu. Mimi niliwekewa mwaka 2014 na kikatolewa mwaka 2019, kwa hiyo usinisome kama shahidi asiyeegemea upande.

Jaribio langu lilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Wiki ile nilikuwa likizo. Mke wangu alikataza nisiinue hata jagi la maji, nikawa nalala, naamka, naletewa uji, na nikiulizwa na kliniki nasema maumivu yametoka 8 kati ya 10 hadi 2. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nikifanya nini. Niliporudi kuendesha lori saa kumi kwa siku, nikiwa nimeikalia betri waliyoizika juu ya tako la kulia, nikagundua kwamba sehemu kubwa ya nafuu ile ilitokana na mapumziko. Mwaka wa pili waya ulisogea. Ukisogea kidogo tu umeme unabadili anwani: badala ya mguu, nilikuwa napigwa mbavuni kila nikipiga chafya. Walinirekebishia kwa rimoti mara nne, kisha wakanipasua kuurudisha, kisha bega langu likaharibika likahitaji kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani kwa sumaku kubwa, na kifaa changu kilikuwa cha aina isiyoruhusu. Nikasema basi, kitoke.

Jambo jingine ni la huku Marekani zaidi, lakini uwe nalo akilini. Anayekaa nawe kupanga umeme kwenye tableti mara nyingi si daktari wala muuguzi. Ni mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza kifaa. Wangu alikuwa kijana mpole, alinipa namba yake ya simu, alinisaidia hata usiku. Lakini nilichelewa kutambua kwamba kila nilipomwuliza kama kifaa kinafaa, nilikuwa namwuliza muuza samaki kama samaki ni wabichi.

Maungo_Mombasa

Shikamoo, mama. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Mombasa. Siweki vifaa hivi, lakini nimewahi kufanya mazoezi na wagonjwa wawili waliorudi navyo kutoka ng'ambo, na nimesoma tafiti zake kwa ajili yao.

Wazo lake ni la zamani. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia za mguso na msukumo zikipita kwa wingi, zinalibana lango hilo na habari za maumivu hazipiti zote. Ndiyo maana mtoto akijigonga kiwiko anakisugua kabla hata ya kulia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, daktari Norman Shealy aliweka kifaa cha kwanza cha namna hii huko Cleveland kwa mgonjwa wa saratani. Kwa miaka mingi baada ya hapo mgonjwa alikuwa lazima ausikie umeme wenyewe, ule mchomochomo wa mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka, ukiwa umefunika eneo la maumivu. Siku hizi kuna mipangilio ya mapigo 10,000 kwa sekunde ambayo mgonjwa haisikii kabisa, na kuna inayotuma mapigo kwa mafungu. Nadharia ya lango peke yake haitoshi kueleza hiyo isiyosikika.

Kuhusu tafiti zinazopingana, nadhani mkanganyiko unapungua ukiangalia kifaa kililinganishwa na nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwachukua wagonjwa 100 wa aina yako kabisa, yaani waliopasuliwa mgongo wakabaki na maumivu ya mguu. Baada ya miezi sita, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa walikuwa wamepata nafuu ya nusu au zaidi mguuni, dhidi ya asilimia 9 ya waliobaki na dawa na matibabu ya kawaida. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini hao wa pili walikuwa wanaendelea na yale yale yaliyokwisha kushindwa, na wanajua kwamba hawakupewa kitu kipya. Isitoshe, katika mwaka wa kwanza karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye kifaa alipata tatizo lililotokana nacho, kama waya kusogea au kidonda kuingia vijidudu.

Sasa tazama Norway. Utafiti wao wa mwaka 2022 uliwawekea kifaa watu 50 ambao jaribio lao lilikuwa limefaulu, kisha kikawa kinawashwa miezi mitatu na kuzimwa miezi mitatu, kwa umeme usiosikika, bila mgonjwa kujua ni zamu ipi. Uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku uliongezeka kikiwashwa. Uliongezeka karibu sawasawa kikizimwa. Wapo mabingwa waliolalamika kwamba umeme haukupangwa inavyotakiwa, na mjadala huo haujaisha. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu maumivu ya mgongo wa chini yalisema ushahidi uliopo hautoshi kukitumia kwa maumivu hayo nje ya utafiti.

Kwa hiyo nakuomba utenganishe mgongo na mguu unapozungumza na daktari wako. Umeandika moto, umeandika vichomi, umeandika shuka. Hayo ndiyo maneno ya mshipa wa fahamu ulioharibika, na ndiko kifaa hiki kinakotegemewa zaidi. Maumivu ya kuuma na kukaza kiunoni ukisimama muda mrefu ni habari nyingine. Kiswahili kinakupa maneno ya kutosha: kuwaka, kuchoma, kupwita, kukata, kuvuta, ganzi. Mwandikie hata kama itabidi binti yako atafsiri, kwa sababu namba kutoka 0 hadi 10 inayachanganya yote katika chungu kimoja.

Msomaji_Kigamboni

Samahani kwa kuingilia, lakini mbona hakuna anayetaja madhara kwa namba? Novemba 2018 waandishi wa habari za uchunguzi wa nchi nyingi walichapisha matokeo yao kuhusu vifaa vinavyowekwa mwilini, na vichangamshi vya uti wa mgongo vilikuwa na zaidi ya taarifa 80,000 za madhara tangu mwaka 2008 katika kumbukumbu za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Watu waliungua, watu walipigwa shoti. Mimi nisingemshauri mama yangu.

Maungo_Mombasa

Taarifa hizo zipo na hazipaswi kufichwa. Hata hivyo taarifa 80,000 si watu 80,000 waliodhurika kwa uhakika: mtu mmoja huweza kuripotiwa zaidi ya mara moja, na "kifaa hakinisaidii" nayo huingia humo pamoja na shoti. Pia hatuwezi kujua hatari ya mtu mmoja kwa kuhesabu taarifa bila kuhesabu vifaa vilivyowekwa. Kilicho wazi ni kwamba Septemba 2020 FDA yenyewe iliwaandikia madaktari kuwakumbusha wasimwekee mgonjwa kifaa cha kudumu kabla ya kufanya jaribio. Mtu hakumbushwi anachokifanya daima.

Na kuna fumbo moja ambalo sijawahi kulimaliza. Uholanzi walifuatilia kwa miaka mitano watu wenye ugonjwa mwingine wa maumivu makali ya mkono au mguu. Mwanzoni kifaa kiliwasaidia; kufikia mwaka wa tano tofauti baina yao na wasiowekewa ilikuwa imefifia. Lakini walipoulizwa kama wangekubali tena matibabu yale yale kwa matokeo yale yale, asilimia 95 ya wenye kifaa walijibu ndiyo. Unaweza kusema wamejidanganya. Unaweza pia kusema kwamba kuna kitu walichokipata ambacho fomu ya watafiti haikukiuliza.

Mama_Ruwi

Assalamu alaykum. Niko Muscat, mume wangu ana kisukari na miguu yake inawaka usiku kucha. Yeye kifaa chake ni cha yale mapigo 10,000, ambayo Marekani iliyaruhusu kwa maumivu ya kisukari mwaka 2021. Daktari alikataa kumgusa mpaka sukari ishuke, kwa sababu kidonda cha mwenye sukari ya juu hakifungi na vijidudu vikiufikia waya hakuna dawa nyingine ila kuutoa. Tulihangaika miezi mitano na mkate mweupe peke yake.

Naongeza mambo ya nyumbani ambayo madaktari hawayataji mpaka uulize. Baada ya kuwekewa cha kudumu, kwa wiki sita hadi nane huruhusiwi kuinama, kujipinda wala kunyanyua kitu kizito, ili waya ushikane na nyama. Kwa hiyo rukuu na sijda hakuna. Aliswali akiwa kwenye kiti. Katika wiki ya jaribio bendeji ya mgongoni haitakiwi kulowana hata kidogo, basi udhu hauna shida lakini kuoga mwili mzima hakuna, na kwa joto la huku alijifuta kwa kitambaa huku akilalamika kuliko alivyowahi kuilalamikia miguu. Ya kuchaji nayo: anavaa mkanda wa chaja kiunoni saa nzima, mara kadhaa kwa wiki, na lazima akae ametulia. Kama mgonjwa wako hawezi kutulia, fikirieni betri isiyochajiwa. Yeye sasa analala. Soksi bado hawezi kuvaa.

Mwana_Pangani

Nawashukuru nyote, na marahaba, mwanangu wa Mombasa. Nimerudi kwa daktari na maswali yenu, nikakaa naye dakika arobaini.

Kuhusu betri, isiyochajiwa hudumu miaka michache tu kulingana na unavyotumia, na kila ikiisha ni kupasuliwa; inayochajiwa huweza kufika miaka kumi na kuendelea. Nilimweleza kwamba kwetu umeme hukatika. Akasema kukatika kwa siku moja si tatizo, ila ikiachwa ikaisha kabisa kwa muda mrefu yaweza kugoma kuamka. Kuhusu MRI, vifaa vinavyowekwa sasa vingi vinaruhusu kipimo hicho kwa masharti, lakini masharti hayo hutofautiana kwa kila waya na kila betri, na mtaalamu wa mashine hatakubali bila kadi na karatasi zake. Tiba ya joto la kina kwa mashine ya daiathermi imepigwa marufuku kabisa, maana waya huweza kupata moto ndani ya mwili. Kuhusu kurekebisha mpangilio nikiwa Pangani, alinyamaza kidogo kisha akasema kwa uaminifu kwamba nitalazimika kuja Uingereza.

Nimekubali jaribio, kwa sababu waya wa jaribio unavutwa nje na hauniachii kitu ndani. Lakini maneno ya Dereva yamenikaa. Nimeandika mambo manne nyuma ya kalenda kabla sijaguswa: kulala bila boksi, kusimama jikoni mpaka wali ukauke, kutembea hadi soko la Jumamosi na kurudi bila kukaa kwenye benchi la kituo cha basi, na kupunguza pregabalini. Binti yangu ndiye atakayetia alama, si mimi, na hatanionyesha mpaka wiki iishe. Tena nimeomba ruhusa, na nimepewa, kwamba kifaa kizimwe nusu siku mara mbili. Rimoti itakaa kwake, na hataniambia ni saa ngapi.

Mwana_Pangani

Nimemaliza siku saba na waya umetolewa. Kuingizwa kwake kulichukua chini ya saa moja, nikiwa nimelala kifudifudi kwa ganzi ya mahali pale tu, bila nusu kaputi, na kilichoniuma zaidi ni kule kusukumwa kwa sindano kwenye kovu la zamani.

Usiku wa tatu nililala bila boksi. Niliamka saa kumi alfajiri kwa kuzoea, nikakuta mguu umo chini ya blanketi pamoja na mwenzake, una joto. Nililia kidogo, sitaficha. Wali niliupika mara mbili nikiwa nimesimama, na mara ya pili nilipalia makaa ya kufikirika juu ya mfuniko kwa furaha tu, maana jiko langu ni la gesi. Soko lilinishinda: mguu ulikuwa tayari, kiuno kikakataa katikati ya njia, nikakaa kwenye benchi lile lile. Pregabalini hatukuigusa kwa sababu kliniki ilitaka dawa zibaki vile vile ili wajue nafuu inatoka wapi.

Kwenye kuzima, nisikilizeni vizuri. Siku ya nne asubuhi nililalamika kwamba moto umerudi, nikamwambia binti yangu, "Umekizima." Kilikuwa kimewashwa. Siku ya tano, baada ya adhuhuri, nilihisi mguu unaanza kuchemka polepole kama maji ya chai, nikasema tena kimezimwa, na safari hiyo nilikuwa sahihi. Mara ya pili aliyokizima, siku ya sita, sikugundua kabisa. Hivyo mwanangu wa Mombasa, mimi ni nusu Norway na nusu ule utafiti wa 2007.

Fomu ya kliniki inasema 8 imekuwa 4, kwa hiyo nimefaulu. Kalenda inasema mawili kati ya manne, moja likiwa halijajaribiwa. Waya ulitolewa Jumanne, na hadi Alhamisi usiku boksi lilikuwa limerudi kitandani. Nimejiuliza kama ningekubali kupasuliwa kwa ajili ya mguu na usingizi peke yake, nikijua kiuno kitabaki kilivyo na huenda baada ya miaka mitano nafuu ikafifia, na jibu langu ni kwamba nakubali. Nimechagua betri ya kuchaji. Safari ya kurudi Pangani nimeisogeza mbele kwa mwaka mmoja ili mipangilio itulie kwanza, na nitakuwa nikija kukaguliwa kila nikija kuwaona wajukuu. Upasuaji ni baada ya wiki tisa.

Maungo_Mombasa

Hongera kwa wiki hiyo, mama. Utakaporudi, njoo na barua yenye aina ya kifaa, aina ya waya na masharti ya MRI, pamoja na picha ya eksirei inayoonyesha waya ulipolala siku ya kwanza. Siku nafuu itakapopotea ghafla, hospitali yoyote yenye eksirei itaweza kulinganisha na kusema kama umesogea, kabla hujakata tiketi ya ndege.

Dereva_wa_Minneapolis

Nakutakia kheri, dada, na natumaini yangu hayatakupata. Moja tu la mwisho. Siku ya upasuaji, kabla hujalazwa, omba kiti. Kaa kama unavyokaa nyumbani, ukiwa umevaa sketi au suruali unayoivaa kila siku na mkanda wake, halafu wachore kwa kalamu ya wino mahali betri itakapokaa ambapo hapaguswi na kiti wala mkanda. Mimi walinichora nikiwa nimelala kifudifudi.